Zamu ya Mtibeti

Katika nyumba yetu ya mtaa wa Observatory, Johannesburg, kuna kura moja tu, nayo ni yangu. Wenzangu watatu wana karatasi za ukimbizi, zinakwisha, zinaongezwa, zinakwisha tena. Mimi nina kitambulisho cha nchi hii kwa sababu niliolewa na mtu wa hapa, fundi wa reli, Mungu amrehemu, na alipofariki aliniachia nyumba na vyumba vyake. Ili nikipate ilibidi nirudishe pasipoti ya Tanzania. Niliipitisha kwenye tundu la dirisha kwa mikono yangu miwili, binti aliyeipokea akaitupa kwenye droo bila kuniangalia, nami nikatoka pale nikiwa raia wa Afrika Kusini, nalia kama nimefiwa mara ya pili. Naanza na hilo ili ijulikane kwamba kura yangu sikuiokota njiani.

Sasa, katika nyumba ya wageni, mwenye kitambulisho hakimiliki peke yake. Laini za simu za nyumba nzima zimesajiliwa kwa jina langu. Mkataba wa saluni ya mpangaji wangu mmoja, mama wa Kirundi ambaye ni msusi, uko kwa jina langu, ingawa mimi hata nywele zangu mwenyewe nasukwa na yeye. Polisi wakitafuta mwenye simu yoyote iliyolia ndani ya nyumba hii watanikuta mimi, mama wa miaka hamsini na nane anayeshona sare za shule kwenye karakana ya Doornfontein. Kwa hiyo uchaguzi wa kwanza baada ya mimi kupata uraia ulipokaribia, hakuna aliyeona ajabu wenzangu walipokaa jikoni kujadili kura yetu iende wapi. Walisema “kura yetu” tangu siku ile, na mimi sikuwasahihisha kwa sababu neno lenyewe lilinipendeza.

Tukaifanya kama upatu, kila uchaguzi una mwenye zamu. Wa kwanza alikuwa msusi. Alitaka nimpe mgombea aliyesema kliniki zisiwafukuze wajawazito wasio na karatasi, nikampa. Wa pili alikuwa askari, Mkongomani wa Bukavu anayelinda lango la jengo moja mjini na anayejua siasa za kila nchi kuliko rais wake. Yeye alimtaka mtu aliyeahidi kupunguza foleni ya ofisi ya wakimbizi, watu wasiende kulala nje kusubiri mlango ufunguliwe. Huyo nilimwona mpiga domo tangu kwenye picha yake, lakini zamu ni zamu, nikampa. Nilijivuna sana na jambo hili. Kanisani nilikuwa natafuta namna ya kulichomeka kwenye mazungumzo, hata watu wakiongelea bei ya vitunguu.

Wa tatu alikuwa Mtibeti. Ni mzee mwembamba wa miaka sitini na ushee, anatengeneza mazulia yaliyochanika katika karakana iliyo juu ya ile ninayoshonea mimi. Aliletwa Johannesburg na watu wa kituo fulani cha kutafakari ili awapikie, kituo kikafungwa, yeye akabaki. Mimi ndiye niliyemwambia kuna chumba kwetu. Na miezi minne ya mwanzo nilimwita Mchina. Mtaa mzima ulimwita hivyo na mimi nikafuata mkumbo. Namwambia msusi, mpelekee Mchina chai, naye yuko pale pale anasikia. Siku moja akaweka kikombe mezani, akasema kwa Kiswahili alichokiokota jikoni kwetu:

“Mama, mimi si Mchina. Wachina walikuja kwetu, ndiyo mimi niko hapa.”

Hakusema kwa hasira. Akatueleza, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, alivyobebwa mgongoni na mjomba wake kuvuka milima ya theluji akiwa na miaka mitano, alivyokulia India katika shule ya watoto wa wakimbizi pamoja na dada yake, na kwamba nyumba waliyozaliwa hajaiona tena wala hajui nani anakaa humo. Niliona haya, lakini ilikuwa haya ndogo, ya kupita. Nilimwomba radhi, nikamwongezea wali, nikajiona nimemaliza.

Zamu yake ilipofika, alisimama. Sisi wengine tulikuwa tumekaa, masufuria hayajaoshwa, yeye akasimama kama mtu anayeapishwa, akatoa mfukoni kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nyingi. Kilikuwa na habari ya chama kidogo, kidogo kweli, ambacho wagombea wake walisema nchi hii isifunge mdomo kuhusu Watibeti kwa kuogopa kuharibu biashara na China. Ilikuwa mistari minne tu, na yote ameipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Askari akacheka kidogo, si kwa ubaya.

“Muzee, ile parti haitapata ata kiti moja. Kura moja itafanya nini kule kwenu?”

Mtibeti akasema haitafanya kitu, anajua. Akatuambia amepiga kura mara mbili maishani, zote India, katika ukumbi wa shule, kuchagua bunge lao la uhamishoni, bunge lisilo na hata kiwanja cha kujengea choo katika nchi ambayo linaitetea. Alishazoea kupiga kura bila kutegemea barabara wala umeme. Halafu akasema kile ambacho bado nakisikia hata nikiwa kwenye cherehani.

“Nataka ihesabiwe tu. Karatasi ya serikali, mahali pamoja, waandike moja.”

Msusi akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Msusi hulia hata kwa tangazo la sabuni, lakini siku hiyo hakuna aliyemtania. Nikamwambia mzee kwamba uchaguzi huu tutapewa karatasi tatu, ya nchi, ya mkoa na nyingine katikati ambayo hata redio ilishindwa kutueleza vizuri, na kwamba zote tatu ni zake. Yeye hakuniomba tatu. Mimi ndiye niliyetaka kuonekana mkarimu mbele ya wenzangu.

Siku yenyewe ilikuwa ya baridi kali. Mzee aling'ang'ania kunisindikiza kwa sababu ya goti langu, ambalo halipendi kusimama. Akabeba kiti cha kukunja na chupa ya chai, akavaa koti lake la heshima. Foleni ilikuwa imeuzunguka ua wa shule tunayopigia kura. Nikaingia kwenye foleni, yeye akakaa kando ya ua na kile kiti, aniletee goti likinichoka, hatua chache tu kutoka nilipo, akiangalia kila mtu anayetoka kama anataka kumpongeza.

Mbele yangu walikuwa wanawake watatu wa magorofani, wamevaa fulana za chama kilichokuwa kinaahidi kuwarudisha wageni makwao. Walikuwa wazuri kwangu, na hilo lazima niliseme. Walinipa biskuti. Mmoja alinishika mkono nilipoteleza. Kizulu changu nilikipata kwa mume wangu, kina lafudhi ambayo watu hudhani ni ya Limpopo, kaskazini mwa nchi, nami huwaacha wadhani. Wakaanza kusema wageni wananunua vitambulisho na kuja kujipanga foleni kama wenyeji, na kwamba mwaka huu wakimwona mmoja watamtoa kwa mikono yao. Niliitikia. Sikuitikia kwa maneno, ila kile kichwa nilikitikisa, na nilikitikisa zaidi ya mara moja.

Wakati huo mzee alikuwa ameshamimina chai, ananiletea. Mmoja wao akamwona. Akageuka kwangu, na safari hii akaongea Kiingereza, kwa sauti, ili na yeye asikie.

“Huyu Mchina anataka nini hapa? Yuko na wewe, mama?”

“Hapana,” nikasema. “Simjui.”

Alikuwa karibu kiasi kwamba niliona mvuke wa chai. Sijui kama alisikia. Ninaposema sijui najidanganya, kwa sababu Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu. Alisimama, akainywa ile chai yeye mwenyewe taratibu kama aliyekuwa amejimiminia, akakunja kiti, akavuka barabara kwenye robot, zile taa za magari, akaenda kukaa upande wa pili. Wanawake wakacheka kidogo, wakaendelea na mambo mengine.

Foleni ilikwenda saa nzima baada ya hapo. Goti linaniuma, kiti changu kiko ng'ambo ya barabara, na mwenye kiti anaangalia magari. Ningeweza kumwita wakati wowote. Nilikuwa na kitambulisho mkobani, halali, nilichokilipia kwa kuiacha nchi yangu, na hakuna mtu ambaye angeweza kunitoa pale. Hata hivyo niliogopa kama mwizi.

Nilijipa moyo kwamba kule ndani nitalipa. Nilijiambia mdomo umekosea ila mkono utarekebisha. Msomaji atategemea hivyo na mimi nilitegemea hivyo. Nikaingia kwenye kile kibanda cha maboksi na karatasi zangu tatu, ndefu kama kanga, nikakitafuta chama cha mzee mpaka nikakiona, chini kabisa. Na hapo, badala ya huruma, zikanipanda hasira. Nilimkasirikia yeye. Nani alimtuma aje? Nani alimtuma abebe chupa ya chai mbele za watu, anitie alama, wakati mimi miaka ishirini nimejifunza kutotambulika? Nilisikia wale wanawake wakicheka kwenye masanduku ya kura, nikaona kama wako mgongoni kwangu. Nikaweka alama kwenye chama chao. Karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka, kwa dakika hiyo, kuwa mmoja wao kabisa, mtu wa hapa asiye na mgeni nyumbani kwake, na kalamu ilikuwa nyepesi.

Nilipotoka alivuka barabara akanifungulia kiti. Hakuuliza kitu. Aliangalia tu kidole gumba changu, wino ukiwa bado mbichi, na mimi kabla hajafungua mdomo nikasema, “Zote tatu.” Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akauinamia mpaka paji la uso wake likaugusa. Kisha akaomba akipige picha kidole changu, akamtumia dada yake India. Dada akajibu kabla hatujafika nyumbani. Mzee alinitafsiria: anasema mama wa Afrika amewekwa kwenye sala zao. Nikasema amina. Ninaandika haya uso unanichoma, lakini nilisema amina.

Nilidhani imekwisha. Kura ni siri, ndiyo faida yake, nani atajua? Nilichokisahau, na sijui nilikisahau vipi maana kila uchaguzi nakiona, ni ile karatasi ya matokeo inayobandikwa kwenye mlango wa kituo baada ya kuhesabu. Kila chama na namba yake, mbele ya kila mpita njia.

Kesho yake asubuhi mzee alipitia pale akienda kazini. Nilikuwa nimeinamia kola ya shati la shule alipokuja kusimama mbele ya cherehani yangu na kijitabu chake kidogo. Alikuwa ameandika jina la chama mara tatu, na mbele ya kila jina, sifuri. Nilisimamisha mguu, cherehani ikanyamaza. Nikajua nimekamatwa. Nikamwinulia macho nisubiri aseme, na aliposema, nilitamani angenitukana.

“Wameiba, mama,” akasema. “Kura yako wameiba.”

Hakunishuku hata chembe. Katika kichwa cha mtu yule serikali nzima ingeweza kuwa mwizi, wasimamizi, mawakala, polisi, ila si mimi. Nilipaswa kusema pale pale. Nilikuwa na kinywa, nilikuwa na Kiswahili, tulikuwa wawili tu. Nilisema, “Pole, mzee.” Ndivyo nilivyosema, kana kwamba kaibiwa na mtu mwingine.

Jioni nyumba iliwaka moto. Msusi alitaka apigiwe simu mtu wa redio. Askari alitulia, akasema hapa mjini kila jambo linaanzia kwenye hati ya kiapo, ukipoteza kadi unakwenda polisi kuapa, ukihama nyumba unakwenda kuapa, basi na hili mama aende akaape kwamba alipiga kura yake kwa chama fulani na mlangoni kumeandikwa sifuri. Akiisha kuapa, tume ya uchaguzi itabidi ihesabu upya. Aliyeweza kuapa ni mimi tu, mwenye kura. Wote wakaniangalia. Nikasema goti linaniuma, twende Jumamosi.

Ijumaa nzima sikusema. Mzee alikaa karakana akiandika maelezo kwa Kiingereza, akafuta, akaandika upya, mpaka yakawa mistari sita ya mwandiko wa shule, safi, isiyo na kosa. Ilibaki jina langu na sahihi. Alinisomea jikoni, akaniuliza kama kuna neno si kweli. Nikasema yako sawa. Sikulala vizuri, na hilo silisemi ili nihurumiwe.

Jumamosi asubuhi tukaenda wawili. Kaunta ya polisi ilikuwa na binti mmoja wa sare, amechoka, foleni ya watu wa kadi na leseni imemzidi. Zamu yetu ilipofika akasoma ile mistari sita, akainua nyusi, akasoma tena. Akaniuliza kama naelewa yaliyoandikwa. Nikasema ndiyo. Akaniambia niinue mkono wa kulia niape kwamba ni kweli.

Mkono haukuinuka. Nilikuwa nimejipanga kuuinua, nataka mniamini, nilikuwa tayari kumdanganya Mungu kuliko kuaibika mbele ya mzee. Lakini nilimtazama, naye alikuwa amevaa lile koti lake tena, anaangalia mkono wangu kama anaangalia bendera inayopandishwa. Nikamgeukia nikamwambia kwa Kiswahili, ili yule binti asielewe. Niliongea haraka, nikizungukazunguka, mara foleni, mara woga, mara wale wanawake. Kiswahili chake hakikunifuata.

“Polepole, mama,” akasema.

Ikabidi nitafute maneno mafupi, ya kumwambia mtoto.

“Hawakuiba. Mimi sikukupa. Niliwapa wale wa foleni. Nilikudanganya.”

Binti akagonga kalamu kwenye kaunta.

“Zote tatu?” mzee akauliza.

“Zote tatu.”

Alikunja karatasi yake mara mbili, akaitia mfukoni. Kisha akamgeukia binti wa kaunta, akamwambia kwa kile Kiingereza chake kizuri kwamba anaomba radhi, kosa ni lake. Ameisoma vibaya ile karatasi ya mlangoni, macho yake ni ya uzee, amemsumbua mama huyu bure. Binti akaudhika. Akamwambia mbele ya foleni nzima kwamba wageni wana tabia hiyo, uchaguzi hauwahusu lakini pua wanatia, wanapotezea watu muda, na kama hana macho akae nyumbani. Mzee akawa anaitikia, ndiyo madam, samahani madam. Mimi nimesimama pembeni yake na kitambulisho mkobani, raia, mwenye haki ya kusema chochote katika jengo lile. Sikufungua mdomo.

Nyumbani aliwaambia vile vile. Alisoma vibaya, kura ilihesabiwa, namba ilikuwa mstari wa juu yake. Msusi akamtania mpaka akachoka, kwamba nusura mama yetu afungwe kwa sababu ya macho ya mzee. Askari naye akacheka, akampa pole. Wiki iliyofuata msusi alikwenda Newtown, kwenye meza za wachuuzi, akarudi na miwani ya kusomea, ya plastiki ya kahawia, akamvalisha mwenyewe mezani, wote wakapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Huyu ni mtu anayeokota uzi uliokatika katikati ya zulia jekundu, wekundu juu ya wekundu, bila taa. Hahitaji miwani. Hajawahi kulitaja jambo lile kwangu, ananisalimia kama zamani, chai ananiletea. Lakini tukikaa kula, msusi akiwepo, anaitoa ile miwani mfukoni anaivaa. Akienda kazini anaiacha nyumbani.